Dakika Ishirini za Giza kwa Mwani wa Titye

Jumapili, saa kumi na moja kasoro jioni. Kasulu. Mvua imepiga tangu alfajiri na sasa yamebaki manyunyu ya kichovu. Barabara ya kwetu imekuwa uji wa udongo mwekundu. Nimerudi kutoka Titye na viatu nimeviacha barazani, maana hata mimi sina hamu ya kuvitazama.

Leo siandiki kwa wema. Anayetafuta maneno ya kutia moyo aende kwenye blogu za mapishi.

Nianze na ofisi yetu, kwa kuwa ndiyo rahisi kuidharau. Mimi ni mtu wa maabara ya maji. Nilihamishiwa huku kutoka Korogwe, na sijaacha kuhesabu miaka. Maabara yenyewe ni chumba chenye meza mbili na friji moja, na katika friji hiyo sampuli zangu hulala ubavuni mwa soda za mkuu wangu. Mkuu wangu ni mtu ambaye sijawahi kumwona akiloanisha kiatu mtoni. Mito anaijua kwenye karatasi. Akija mgeni wa mradi, wanatoka nje wawili, wanainua chupa ya maji juani kama watu wanaokagua almasi, wanapigwa picha, wanarudi kunywa chai.

Hao wageni ndio waliotuletea mashine ya mwani.

Mwani ni ule uteute wa kijani unaokuangusha ukikanyaga mawe ya mto. Unaishi kwa usanisinuru, neno tulilokaririshwa darasani bila kujua litatusaidia wapi: unachukua mwanga wa jua na kujipikia chakula. Mwani wenye afya ukimulikwa unautumia mwanga vizuri, na kiasi kidogo unakitoa tena kama wekundu ambao jicho halioni ila mashine inauona. Majini kukiwa na sumu, hasa dawa za kuua magugu, jiko la mwani linaharibika, na wekundu unabadilika. Mashine inakupa namba. Kwa hiyo unazamisha vipande vya vigae mtoni, unaviacha wiki kadhaa viote mwani, halafu unakwenda kuuliza mwani maji ya hapa yakoje. Ni shahidi mzuri. Hana undugu na mtu na haombi nauli.

Ila una sharti moja. Kabla ya kuupima lazima uuweke gizani dakika ishirini. Mwani uliokuwa kwenye jua kali umechoka, kama mtu aliyetoka kulima saa saba mchana. Ukiupima papo hapo utatoa namba ya mgonjwa hata kama ni mzima. Gizani unapumzika, ndipo unasema kweli.

Hilo tulifundishwa Kibondo, katika semina ya siku tatu. Mkufunzi alikuwa binti wa rika la mdogo wangu wa mwisho, sauti nyembamba, miwani inayoteleza puani. Kila baada ya sentensi mbili anasema, "Dakika ishirini gizani, tafadhali." Nilikaa nyuma nimekunja mikono. Kwenye daftari langu, badala ya maelezo, niliandika: huyu anaimba. Nilikuwa na miaka mingi ya kazi kuliko yeye ana miaka ya kuvaa viatu virefu, ndivyo nilivyojiambia. Alitugawia kila mmoja sanduku jeusi lenye kifuniko cha kubana, lisilopitisha mwanga hata chembe, la kupumzishia vigae.

Lile sanduku nilinunulia asali.

Yaani siku ya kuondoka nilipita sokoni Kibondo, nikaona asali nzuri, sina chombo cha kuizuia isimwagike garini, nikapanga chupa zangu humo. Tangu siku hiyo sanduku limeishi jikoni kwangu, chini ya meza, likinata. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu asiyesikia la mdogo, na mimi nikaona hapo pana nafasi.

Sasa Titye. Kuna kijito tunachokipima huko, na tuliweka vigae mahali patatu. Pa kwanza ni juu kabisa, chini ya miti. Pa pili ni kivukoni, penye kivuli pia. Pa tatu ni chini zaidi, peupe, jua tupu, ambapo wanawake wanaloweka mihogo. Mihogo ya huku mingi ni michungu na ina sumu yake. Unaimenya, unailoweka siku tatu nne mpaka inalainika na kunuka, unaianika juu ya miamba, ndipo unatwanga unga. Wenyewe wanaiita ikivunde. Na wanaloweka penye jua kwa sababu maji yenye joto yanalainisha haraka. Hilo wanalijua kuanzia bibi mpaka mjukuu. Mimi niliona madimbwi yananuka, nikakunja pua.

Siku ya kupima ya kwanza jua lilikuwa linachoma. Ramadhani, dereva wetu, mtu wa Ujiji, alikuwa anaangalia saa kila mara. Nikapiga hesabu ya vigae vyote mara dakika ishirini, nikaona tutalala huko. Sanduku lenyewe liko jikoni kwangu na asali. Nikavitoa vigae majini na kuvipima hapohapo.

Vya kivulini vilitoa namba za kuridhisha, au karibu. Vya kwenye mihogo vilitoa namba mbaya kabisa.

Kwa nini nisiamini? Mashine imesema. Niliandika ripoti ya kurasa mbili, na kichwa chake kilisema bila haya kwamba ulowekaji wa mihogo unaua mwani wa mto. Mkuu wangu, ambaye ripoti zangu nyingine hutumia kuwekea kikombe, hiyo aliisoma yote. Akanivisha kilemba cha ukoka mbele ya ofisi nzima. Nikakivaa, nikakirekebisha kikae vizuri. Leo najua kwa nini aliipenda. Ilikuwa imempata mkosaji ambaye hana gari, hana cheo na hamjui mtu yeyote mkoani.

Kukaitishwa mkutano wa kijiji. Akasimama mwanamke mmoja, anaitwa Domina, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, ndiye wanayemsikiliza wenzake. Aliuliza kwa upole, "Daktari, hapo tunaloweka tangu bibi zetu. Mbona samaki wapo?" Kwao kila mwenye koti jeupe ni daktari.

Nilicheka. Nikamjibu kwenye kipaza sauti, "Samaki si kipimo, mama." Meza kuu nzima ikacheka na mimi.

Marufuku ikatoka na muhuri. Wiki hiyohiyo mgambo wakateremka mtoni, wakaitoa mihogo kwenye madimbwi na kuitupa barabarani. Niliambiwa watu waliikwepa wakipita. Nilifurahi. Naandika hivi hapa ili nisije nikajisahaulisha: nilifurahi.

Hiyo ni wiki sita zilizopita.

Jumanne hii jirani yangu, muuguzi, alinisimulia kazini kwake kumeingia watu watatu wa nyumba moja kutoka Titye. Kutapika, kizunguzungu, miguu haina nguvu. Mihogo, alisema, haikulowekwa vya kutosha. Akasema vilevile kwamba hajui watu wa kule wamepatwa na nini mwaka huu, maana kuandaa mihogo wanajua kuliko yeye.

Nilikwenda wodini. Nilimkuta Domina amekaa pembeni ya kitanda cha mama mkwe wake. Yeye na binti yake mdogo, Anjela, walikuwa wameshapata nafuu. Bibi bado. Miguu yake ilikuwa imelala juu ya shuka kama si yake. Muuguzi ameniambia pembeni kwamba huenda isirudi.

Nilipata habari yote kwa vipande. Mtoni wamefukuzwa, maji ya nyumbani yanapandishwa mlima kwa kichwa, ndoo ni mbili. Kwa hiyo waliloweka kwenye ndoo, usiku mmoja badala ya siku nne, wiki baada ya wiki. Wangefanya nini? Bugali, ugali wao, lazima upikwe.

Domina alinitambua. Akasema tu, "Mwakeye, daktari," salamu ya asubuhi, basi. Mimi nikasema nimekuja kumwona mgonjwa mwingine.

Hakukuwa na mgonjwa mwingine. Nilisimama mbele ya kitanda cha mtu nisiyemjua, mwanamume wa makamo, nikamuuliza hali yake mpaka akaona aibu kwa niaba yangu.

Jumatano nilimweleza mkuu wangu. Akasema, bila kuinua macho kwenye simu, "Si waliambiwa waloweke majumbani? Hawafuati maelekezo hawa." Nilimtazama kwa dharau kubwa. Kisha nikakumbuka kwamba sentensi hiyo niliiandika mimi, ukurasa wa pili, mapendekezo, namba moja.

Alhamisi nikaitoa asali, nikalisugua sanduku kwa maji ya moto mara tatu, nikamwambia Ramadhani twende Titye na hatutarudi mapema. Kulikuwa na jua lilelile. Kwenye madimbwi hakukuwa na muhogo hata mmoja, wiki sita nzima. Nikapima kwanza kwa mtindo wangu wa zamani, kigae kutoka majini moja kwa moja.

Namba mbaya. Mbaya vilevile kama siku ile.

Nikakiweka kigae sandukuni, nikafunga, nikakaa juu ya jiwe dakika ishirini nikisikiliza maji. Nikafungua, nikapima. Namba nzuri. Nikarudia na kingine, na kingine. Vyote vizima. Mwani ule haukuwa mgonjwa siku ile, ulikuwa umechoka na jua. Niliwahukumu watu kwa sababu mahali pao pana mwanga.

Sikutaka kujidanganya kwa upande mwingine tena, kwa hiyo nikateremka mbele zaidi. Huko mtu mjanja alikuwa ameficha dimbwi dogo chini ya majani ya migomba, limejaa mihogo, linanuka vizuri. Mwani wa kwenye mawe ya hapo nao nikaupumzisha na kuupima. Namba imeshuka kidogo. Hakuna aliyekufa. Naliapisha daftari hili: dimbwi hilo sikulitaja kwa mtu na sitalitaja liko wapi.

Kisha kivukoni, kule kwenye kivuli, ambako mwanzoni niliona namba ya wastani nikapita, ingawa penye kivuli ilipaswa kuwa nzuri. Giza dakika ishirini, nikapima. Mbaya. Nikasubiri dakika ishirini nyingine. Mbaya. Mwani wa pale unaumwa kwelikweli, umepumzishwa na bado jiko haliwaki.

Ramadhani ndiye aliyeanza kuokota vikopo. Vilikuwa vimetupwa vichakani kando ya kivuko, vikopo vya dawa ya magugu ya mahindi, na chini yake mchanga una rangi ambayo mchanga hauna. Hapo ndipo vibarua wanaopulizia mashamba ya juu wanaposuuzia mabomba yao jioni kabla ya kurudi nyumbani. Wanafanya hivyo kila mahali huku na hakuna aliyewahi kuwakataza. Mashamba ya juu ni ya nani? Si ya watu wa Titye. Ni ya sisi watumishi tuliokodi, walimu, wa afya, wa kilimo, wa maji, maana hapa kila mwenye ajira ya serikali ana mahindi mahali fulani.

Nikashika kikopo kimoja nikakitambua. Dawa hiyohiyo nilinunua mwenyewe dukani hapa mjini mwezi wa kumi na mbili.

Ramadhani akanyoosha kidole juu ya mlima, akauliza kwa adabu zote, "Madamu, si lile shamba lako lile?"

Ndiyo. Ekari mbili. Mahindi yamekubali sana mwaka huu, hakuna gugu.

Nimekaa miaka hii yote nikiwadharau watu wa mlima huu. Kiswahili chao, madimbwi yao, harufu ya unga wao. Nimewadharau wageni wa mradi kwa chupa zao, na mkuu wangu kwa viatu vyake vikavu. Nilimdharau binti wa watu kwa miwani yake. Dharau ilikuwa kama nguo ya kazi, naivaa asubuhi na koti. Na ndani ya hiyo nguo alikuwamo mtu aliyeshindwa kusubiri dakika ishirini.

Ijumaa niliingia ofisini na matokeo mapya. Mkuu wangu alisikiliza mpaka nilipofika kivukoni. Hapo akaweka simu chini, mara ya kwanza tangu nimjue. Yeye ana ekari sita. Akauliza, "Kwa hiyo unataka tujiripoti wenyewe?" Kisha akabadili sauti, ikawa ya kaka mkubwa. Ripoti imeshafika mkoani, akasema. Tukiitengua leo, kesho watauliza nyingine tulizopeleka zikoje. Niandike nyongeza fupi, tutaitazama robo ijayo. Na huyo bibi ni mzee, akasema, miguu ya wazee ndivyo ilivyo.

Nilitoka bila kuaga. Nilijiona shujaa kwa hatua kama tano hivi za varanda.

Leo nimekwenda Titye peke yangu, kwa bodaboda, watu wakitoka kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata nimetamani, maana ukitukanwa mnalipana na unarudi nyumbani mwepesi. Domina alikuwa amekaa jikoni kwake anamenya mihogo, makapu mawili yamejaa. Anjela alikuwa karibu naye anaokota maganda. Domina alinipa kigoda. Sikuweza kukaa.

Nikamwambia kwa Kiswahili cha polepole, kile ninachotumia kwa watu ninaodhani hawaelewi. "Mama, nimekuja kusema upimaji ule ulikosea. Mihogo yenu haina kosa."

Aliendelea kumenya. Kisha akauliza, "Upimaji ulikosea, ama wewe ulikosea?"

"Mimi."

"Ego," akasema. Ndiyo yao hiyo.

Nikamweleza yote, sanduku, asali, jua, kivuko. Nikamwambia dawa inatoka mashambani kwetu na shamba mojawapo ni langu, na kibarua wangu nimeshamkataza kusuuzia bomba pale. Nikasema samahani kwa ajili ya mama mkwe wake. Nililia, naandika hilo vilevile. Hakunibembeleza. Alimwambia Anjela kitu kwa Kiha na mtoto akaniletea maji kwenye kikombe, nikanywa, maji ya kijito kilekile yaliyochemshwa.

Mwishowe Domina akafuta kisu kwenye kitenge. "Samahani yako nimeipokea, daktari. Sasa nipe karatasi."

Nikauliza karatasi gani.

"Ya kufunga ilikuja na muhuri. Ya kufungua nayo ije na muhuri. Mgambo haogopi samahani."

Sikuwa na karatasi. Muhuri uko kwenye droo ya mkuu wangu na ufunguo wa droo uko kwenye mkufu wa funguo za gari lake. Nilimwambia anipe siku chache nijaribu. Akanionyesha makapu. Mihogo imeshamenywa, haiwezi kungoja ofisi, itageuka nyeusi. Na ndoo hataki kuiona tena. Kesho saa kumi na mbili asubuhi anaiteremsha mtoni, yeye na wanawake wengine wanne, karatasi iwepo isiwepo. Hakulisema kama tishio. Alikuwa ananipa ratiba.

Nimefika nyumbani nimeandika barua. Nimeiandika kwa mkono, kwa jina langu kamili na cheo, nakala kwa mkoa: kwamba vipimo vya mwanzo vilichukuliwa kinyume cha utaratibu, kwamba aliyekosea ni mimi, kwamba penye sumu ni kivukoni, na mashamba ya juu ni ya kina nani, ekari zangu mbili zikiwa za kwanza kwenye orodha. Sijui kama mwaka ujao nitakuwa na kazi. Nimepiga picha na kuituma mkoani kabla ujasiri haujaisha, na kabla ya kuanza kuandika hapa. Hata hivyo barua isiyo na muhuri huku kwetu ni karatasi ya kufungia vitumbua, na mkuu wangu hafiki ofisini kabla ya saa nne.

Tangu marufuku itoke, mgambo huwa mtoni kukagua saa moja.

Kwa hiyo nimemwomba mwenye bodaboda anipitie saa kumi na moja alfajiri. Nitavaa lile koti jeupe ambalo nilisimama nalo kwenye kipaza sauti. Nitaingia dimbwini na wale wanawake watano, maji yafike hapa magotini, nishike muhogo na mimi nizamishe. Mgambo atakayetaka kuitupa barabarani itabidi aanze na iliyo mikononi mwangu. Sina hakika kwamba atajali. Domina naye hajaniomba niende, na huenda asifurahi kuniona.

Naenda hivyohivyo.